Nimemaliza sheria, nipo Kibirizi naanika dagaa na kuota safari. Halafu kuna suala la jogoo

MwishoWaReli (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma rukeni moja kwa moja hadi kwenye jogoo.

Nimemaliza mtihani wa mwisho wa shahada ya sheria. Miaka minne. Mahafali bado, cheti bado, Law School (shule ya vitendo ya kuwa wakili) siwezi kuomba mikono mitupu, kwa hiyo nimefungasha madesa yangu nikapanda treni hadi inapoishia. Nipo nyumbani Kibirizi, hapa Kigoma, na cheo changu kwa sasa ni mwanika dagaa.

Mama ananiamsha saa kumi na moja alfajiri. Sio kwa ukali, anakuja tu na kusimama mlangoni akiwa ameshavaa kanga ya kazi, na kusimama kule kunatosha. Tunashuka mwaloni kukiwa bado na giza, boti zinaingia moja moja, taa zao zimeshazimwa. Dagaa mbichi hawasubiri mtu kupiga mswaki. Mama anatia mkono ndani ya beseni, anazamisha hadi chini, kwa sababu wale wa juu siku zote ni wazuri, anatoa kiganja kimoja na kunusa. Kama hakuridhika hasemi kitu, anasogea boti inayofuata. Nimesoma somo zima la ushahidi, lakini sijaona mtu anayehoji shahidi kama mama anavyohoji beseni.

Halafu ni chanja. Wale wanaonunua dagaa mjini hawajui tofauti ya dagaa wa chanja na wa mchangani mpaka watafune mchanga. Unawatandaza kwenye wavu, wembamba, wasilaliane, maana wakilaliana wa chini wanaiva badala ya kukauka. Unawageuza jua likipanda. Kuku wa jirani unawafukuza kwa fimbo, bata kwa matusi. Na sasa mvua za kwanza zimeanza, kwa hiyo jicho moja liko kwenye dagaa, jingine kwenye milima ya Kongo ng'ambo. Wingu likianza kuteremka pale, mwalo mzima unapiga kelele na mimi nakimbia na turubai. Miaka minne ya chuo sijawahi kukimbia hivyo, hata siku bumu, yaani hela ya mkopo, lilipotoka.

Usiku ndio safari zinaanza. Chumba nalala na mdogo wangu wa darasa la sita, na ukutani kuna ramani ya dunia niliyonunua soko la Mwanga nikiwa sekondari. Nimeitia alama za kalamu kila mahali nilipokutana napo kwenye kesi. Hague ipo, kwa ajili ya lile jumba la mahakama lililofunguliwa 1913. Arusha ipo, nimeizungushia mara tatu. Na kuna sehemu inaitwa Paisley, Uskoti, ambayo ramani haina, nimeiandika mwenyewe.

Mdogo wangu akauliza, "Huko Paisley kuna nini?"

Nikamwambia konokono.

"Kwani hapa hawapo?"

Kwa wasiosoma sheria: mwaka 1928 mwanamke mmoja, May Donoghue, aliingia mgahawani Paisley, rafiki yake akamnunulia kinywaji cha tangawizi, chupa nyeusi isiyoonyesha ndani. Alipomiminiwa cha pili, akasema ametoka konokono aliyeoza. Akaugua. Sasa amshitaki nani? Mwenye mgahawa hakuwa na mkataba naye, aliyenunua ni rafiki. Akamshitaki mtengenezaji. Ikapanda hadi juu kabisa, na mwaka 1932 Jaji Atkin akauliza swali ambalo kila mwanafunzi wa sheria kutoka Kigoma hadi Kingston amelikariri: kisheria, jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba ni yule ambaye kitendo changu kinaweza kumgusa, kwa ukaribu ambao nilipaswa kumfikiria kabla ya kutenda.

Mimi ile hukumu niliisoma hosteli, usiku, umeme umekatika, nikiwa nimewasha tochi ya simu. Nikawaza, ipo siku nitasimama pale ilipokuwa ile meza. Nisimame tu. Halafu nirudi nyumbani. Ni ndoto ya kijinga, najua, wenzangu wanaota Dubai.

Basi. Sasa jogoo.

Tangu nirudi, mtaa mzima unaniita wakili. Nikisema bado, wanacheka, wanadhani ni unyenyekevu. Jana kaja mzee mmoja wa hapa jirani, kapiga "mwakeye", salamu ya Kiha, mlangoni, kaketi, katoa makaratasi kwenye mfuko wa rambo. Rambo lenyewe limepigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo kielelezo kililetwa ndani ya kosa. Ndani kulikuwa na hukumu ya mahakama ya mwanzo. Mzee alinunua injini ya boti, imetumika, kwa kulipa kidogo kidogo. Injini ikafa wiki ya pili. Akaacha kulipa. Muuzaji akamshitaki, mzee akaambiwa amalizie laki nane na nusu. Hajaridhika.

Nikaangalia tarehe. Siku ya 26. Kukata rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya una siku 30, na yeye alikuwa anapanga kulishughulikia "baada ya mbalamwezi" kwa sababu kwanza alitaka kusafiri baharini, yaani ziwani, kumtafuta fundi.

Nilishtuka. Nikachukua daftari la mdogo wangu na kuanza kumwandikia hoja za rufaa. Hapo ndipo nilipopata aibu ya kwanza. Jambo nalijua, nimelisoma kwa Kiingereza mpaka nikaota, lakini mzee anasubiri kwa Kiswahili na mimi nimebaki nakohoa. Tangu 2021 sheria imeshasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Sisi darasani tulikuwa tunaendelea na Kiingereza chetu. Nikamwandikia kama ninavyoongea. Nusu ukurasa.

Leo mzee karudi na jogoo. Mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kamba ya katani.

Nikakumbuka kwamba mtu asiye wakili akiandika nyaraka za kesi kwa malipo ni kosa. Wakuu, jogoo ni malipo? Na nyie mliomaliza sheria, hiki kipindi cha kuwa si mwanafunzi si wakili mlikaaje?

---

Kinyozi wa Gungu

Weka picha ya jogoo kwanza ndipo tutoe maoni.

---

Bao la Kete

Nimesoma yote. Nimekuja kuuliza dagaa wa chanja kilo bei gani na unatuma Dar kwa basi au treni.

---

JohoJeusi

Mdogo wangu, mimi ni wakili, nipo Mwanza, mwaka wa kumi na moja huu.

Kifungu unachokikumbuka ni cha 43 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kisome vizuri. Kinamgusa mtu asiye na sifa anayeandaa nyaraka ya mwenendo wa kesi, isipokuwa athibitishe kwamba hakufanya kwa ajili ya ujira, faida au zawadi, wala kwa kuitarajia. Angalia mzigo uko kwa nani. Sio wao wathibitishe umelipwa. Ni wewe uthibitishe hukulipwa. Na wewe una kielelezo kinachowika saa kumi alfajiri mtaa mzima ukisikia.

Ushauri wa kaka. Ule ukurasa usimpe kama ulivyo. Kaa naye, aeleze mwenyewe kilichotokea na kwa nini hakuridhika, aandike kwa mkono wake au mtoto wake amwandikie. Halafu mpeleke kwa wasaidizi wa kisheria, wapo kihalali tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kazi yao ndiyo hiyo. Muhimu kuliko yote ni hizo siku tatu zilizobaki. Hoja mbovu iliyofika siku ya 29 ina uhai kuliko hoja tamu ya siku ya 31. Zikipita anaweza kuomba aongezewe muda, lakini hapo atatakiwa aeleze sababu, na mbalamwezi sidhani kama hakimu ataipokea.

Jogoo rudisha.

---

Sauti ya Kasulu

JohoJeusi umekaa mjini sana. Kumrudishia mzee jogoo ni kumwambia asikanyage tena kwako. Angemletea maji ya kunywa ungesema nayo ni ujira? Huyu binti kaandika siku ya kwanza bila kutaja hela, jogoo kaja siku ya pili. Zawadi imekuja nyuma ya kitendo. Hakumtarajia. Kesi imeisha.

---

JohoJeusi

Sauti ya Kasulu, hoja yako ina miguu, sikatai. Lakini jaribu kuitetea kizimbani. "Mheshimiwa, jogoo alinishtukiza."

---

Kinyozi wa Gungu

Mimi nasubiri picha.

---

Asali Mbichi

Tabora hapa tunakusoma. Nikuulize, hiyo treni yako kila mwaka ilikuwa inapita kwetu, uliwahi kushuka?

---

MwishoWaReli

Asali Mbichi, sijawahi. Kila nikipita Tabora ni usiku, au nimelala, au wanapanga mabehewa na mtu anakwambia usishuke treni itakuacha. Kwangu Tabora ni sauti: watu wanauza asali chini ya dirisha, na chupa unaifungua kuinusa gizani bila kujua kama ni asali au sukari guru iliyochemshwa.

JohoJeusi asante sana kaka, nimekuelewa hadi kwenye mifupa. Kesho naenda kwa mzee asubuhi tukitoka mwaloni. Jogoo yuko kwenye tenga, nimemkataza mama asimguse.

---

Asali Mbichi

Ile ya dirishani hata sisi hatuinunui. Siku ukishuka, njoo mchana, msimu wa maembe. Nikupeleke Kwihara ukaone tembe alilokaa Livingstone, halafu tupite nje ya shule aliyosoma Mwalimu, Tabora Boys. Mwanasheria anapaswa kupaona. Na usisahau zamani rufaa zenu za Kigoma zilikuwa zinakuja kusikilizwa Mahakama Kuu huku kwetu. Bibi zenu wanatujua kwa barua za wito.

---

MwishoWaReli

Hilo la barua ni kweli. Bibi yangu wa Ujiji mpaka leo mtu akimwudhi anamwambia "nitakufikisha Tabora". Mahakama Kuu tunayo hapa siku hizi, bibi habadilishi kauli. Anasema ya hapa haitishi, unaenda kwa miguu.

---

SapMbili

Nimesoma huu uzi nikiwa kwenye daladala, nikashuka kituo cha mbele. Acha nikujibu swali la pili ambalo wenzangu wamelikimbia kwa ajili ya kuku.

Nilimaliza chuo kama wewe, nikarudi nyumbani. Sitaji mkoa, una mawe mengi. Nilikaa miezi minane. Mwezi wa kwanza unapewa soda. Mwezi wa tatu unaulizwa "hivi unaenda lini huko kwingine?" Mwezi wa sita hakuna anayekuuliza kitu, unatumwa tu dukani kama mtoto. Nilikuwa natembea na suti yangu moja kwenye mfuko wa nguo kwenda kwenye usaili, narudi nayo imejaa vumbi ingawa sijaivaa.

Kisha Law School. Dar, barabara ya Sam Nujoma. Wewe una ramani ya dunia, mimi dunia yangu ilikuwa chumba cha Sinza na ule ukumbi. Kule hukariri, unaandika: hati ya madai, utetezi, mkataba, hati ya kiapo, usiku unaandika asubuhi unasimama kuhoji shahidi ambaye ni mwenzako wa dawati. Oktoba 2022 matokeo yalipotoka, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Nchi nzima ikapiga kelele, waziri akaunda kamati chini ya Mwakyembe, bungeni, redioni, kila mtu akawa na maoni. Mimi nilikuwa kwenye ule umati wa 342 wenye kurudia masomo. Jina langu hapa unaliona, sap ni mtihani wa marudio.

Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia kwa sababu ulichoandika hapo juu, kwamba ulibaki unakohoa mbele ya mzee, ndicho kilichonipa sap. Somo la kuandaa nyaraka nilikuwa naandika kama kitabu. Mwalimu akaniandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Mteja wako yuko wapi humu?" Nilirudi nyumbani likizo fupi nikawa nawaandikia watu wa mtaani barua, za bure kabisa, JohoJeusi punguza macho: barua za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, ya mtu kumlalamikia shemeji. Nikaambulia kuandika. Mtihani wa marudio nilipita.

Kwa hiyo usiuone huo mwalo kama foleni ya kusubiri. Mzee na rambo lake amekufundisha kitu nilichokilipia ada mara mbili.

Na mkopo wa Law School siku hizi Bodi inatoa, fuatilia mapema mwongozo ukitoka. Enzi zetu tulichangisha ukoo.

---

Bao la Kete

Kilo bei gani lakini?

---

MwishoWaReli

SapMbili, nimesoma mara tatu. Mama kaniona najifuta jicho nikasema ni moshi. Hatukuwa tumewasha moto.

Umetaja ada. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, mimi nipo chuo, mama hana dagaa hata mmoja. Sisemi lilikuwa kosa kulifunga, dagaa walikuwa wamepungua kila mtu anajua. Lakini miezi mitatu ile mama alikuwa anauza mawese kwa vipimo vya chupa barabarani, na kila Ijumaa ananitumia elfu kumi na tano, na ujumbe wake ni ule ule: "Kula." Sikuwahi kumwambia kwamba kuna Ijumaa nilinunua nakala za kesi.

Bao la Kete nakuja faragha. Bei inategemea mwezi, na simaanishi Januari au Februari. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaendi, dagaa hawafuati taa.

---

Mzani

Naomba kurekebisha jambo moja la kitaalamu. Mleta uzi umeichanganya kesi ya mzee na konokono wako. Pale Paisley shida ilikuwa mlalamikaji hakuwa na mkataba na mtengenezaji, ndiyo maana ikabidi ijengwe hoja ya jirani. Mzee wako ana mkataba mkavu na muuzaji. Twende kwenye mauziano: injini iliuzwa kwa matumizi gani, muuzaji aliahidi nini, mzee aliikagua kabla? Jirani hana kazi hapo.

---

MwishoWaReli

Mzani, sijawachanganya mahali popote, nimewaweka tu kwenye uzi mmoja kama walivyokaa kwenye kichwa changu. Hata hivyo umenisaidia, swali la kukagua sikumwuliza mzee. Na ni jirani kweli, nyumba ya tatu.

---

Baridi ya Clyde

Karibuni kutoka Glasgow. Mimi ni mzaliwa wa Mwandiga, nipo huku mwaka wa saba.

Dada, Paisley ni kama dakika kumi kwa treni kutoka hapa. Nimefanya kazi ghala moja kule miaka mitatu. Nimesoma uzi wako jana usiku nikatafuta huo mgahawa, Wellmeadow, nikagundua nilikuwa napita pale kila siku nikienda kazini. Kila siku! Mgahawa haupo tena. Kuna kona, nyasi kidogo na kibao cha kumbukumbu. Nilidhani ni kibao cha wafu wa vita, sijawahi kusimama kukisoma. Huku mvua ikinyesha wima hivi, mtu anasoma kibao cha nini.

Jumamosi nina mapumziko. Nitakupigia picha.

---

Sauti ya Kasulu

Baridi ya Clyde usimcheke mwenzio wa konokono. Wazungu wanapanda ndege mbili na boti kuja Gombe kuona sokwe tangu bibi Jane Goodall alipofika 1960, na boti zenyewe zinaanzia hapo hapo Kibirizi kwa mama wa huyu binti. Muulizeni ameenda mara ngapi.

---

MwishoWaReli

Sifuri.

Nimepita majini, kwenye boti za abiria za kwenda Kagunga, tukienda kwa mama mkubwa. Unaona tu mlima wa kijani na mtu mmoja kasimama ufukweni. Kondakta anatangaza "Gombe!" wanashuka wawili wenye mabegi ya mgongoni, sisi tunaendelea na mihogo yetu.

Kagunga naikumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 2015 nilikuwa bado shule ya msingi, Warundi walipokimbia wakajazana pale ufukweni, na Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini kwa awamu. Ile meli Wajerumani waliileta vipande vipande kwenye masanduku, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, ikaishia kubeba wakimbizi miaka mia moja baadaye. Tulitoka shule tukaenda kuangalia, kama watoto. Uwanja wa Lake Tanganyika ulikuwa umejaa watu na magodoro. Msichana wa umri wangu alikuwa kashika bahasha ya kaki, kaibana kifuani kwa mikono miwili, hana begi wala viatu. Nikamwuliza mama ndani ya bahasha kuna nini, mama akasema, "Karatasi zinazosema yeye ni nani."

Chuoni tukiulizwa kwa nini sheria, nilikuwa najibu mambo ya haki na usawa kama kila mtu.

Na ndiyo maana Arusha ina duara tatu. Ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale hadi 2015, hukumu ya 1998 ya Akayesu, mmoja wa washitakiwa wake, ilitolewa pale, saa chache kwa basi kutoka kwa wanafunzi wenzangu wa Moshi, mimi naisoma kama ilitokea mwezini.

---

Mama Wawili

Mwanangu nimekupenda bure. Ukianza kazi usisahau Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara, usijenge ndoto kwenye mshahara mzima. Na mdogo wako mnunulie daftari jipya, umelichana.

---

Asali Mbichi

Mzee kafikia wapi?

---

MwishoWaReli

Mrejesho, wakuu. Samahani kwa kupotea, mvua imetuvuruga siku tatu na dagaa wa mwisho tumewauza kwa hasara kama chakula cha kuku.

Nilienda kwa mzee asubuhi ile. Nusu ukurasa wangu nilikuwa nimeuchana. Tulikaa kwenye benchi chini ya mchikichi, nikamwuliza swali la Mzani: uliikagua injini? Akasema ndiyo, aliiwasha wakiwa nchi kavu, kwenye pipa la maji, ikanguruma vizuri. Kwenye pipa! Aliyemwambia kwamba hata ziwani itanguruma hivyo ni muuzaji mwenyewe, mbele ya kijana wake wa boti. Hayo yote mahakamani hakuyasema, kwa sababu "hawakuniuliza pipa". Kijana wa mzee ndiye aliyeandika, mzee akimtamkia, mimi nilikuwa natwanga kisamvu na mke wake ili mdomo wangu uwe na kazi nyingine. Mara mbili nilitaka kuingilia nikajikaza. Aliandika: "Injini ya pipani sio injini ya ziwani." Miaka minne, wakuu, nisingeandika hivyo.

Wasaidizi wa kisheria wakaipitia, wakaipanga vizuri, ile sentensi wakaiacha. Siku ya 29 mzee kapanda bodaboda na rambo lake. Karudi na muhuri. Sijui atashinda au la, kuna mambo kwenye ile hukumu ambayo siyapendi kwa upande wake pia, aliacha kulipa kimya kimya bila kumrudishia mwenzake injini.

Jogoo. Nilimpeleka mwenyewe, nikamweleza mzee sheria yote, kifungu na namba yake. Akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima. Akasema hakumleta kwa ajili ya karatasi. Alimleta kwa sababu nilimfungulia mlango na kumpa kiti. Basi nikabaki nimemshika jogoo kwapani, nimesimama uani kwa watu, sina rufaa. Baba ndiye aliyeamua: jogoo akakae kwa bibi Ujiji, asiliwe, mpaka mimi niapishwe kuwa wakili. Bibi kakubali kwa sharti kwamba akiwika mapema kupita kiasi atamfikisha Tabora.

Kinyozi wa Gungu, picha nimeweka hapo chini.

---

Kinyozi wa Gungu

Jogoo mzuri. Hana hatia.

---

Baridi ya Clyde

Ahadi ni deni. Picha nne hizo, samahani kwa ukungu, ni mvua kwenye kioo cha simu. Hapo mbele ya kibao nimesimama mimi, nimeshika chupa ya tangawizi niliyonunua duka la kona. Mama mmoja mzee alipita na mbwa akaniuliza kama mimi ni mwanasheria. Nikamwambia hapana, nimetumwa na wakili wangu.

---

MwishoWaReli

Sina la kusema. Nimeichapisha ya pili kwa rangi stesheneri ya Mwanga, shilingi mia tano, nimeibandika ukutani pale nilipoandika Paisley kwa kalamu.

Mdogo wangu kaisogelea na taa, kaitazama muda mrefu, nyasi, kibao, mtu wa Mwandiga na chupa yake.

"Konokono yuko wapi?"

Nikamwambia kesi ilimalizwa nje ya mahakama, hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba alikuwepo.

Akaniangalia kama mama anavyoangalia beseni la juu juu. Akazima taa.